Barua ya wazi kwa timu ya Diablo: tupeni klasi ambazo hatujawahi kuzicheza

Kwenu wakuu wa timu ya Diablo, ile gemu ya kupambana na mashetani, pale kampuni ya Blizzard, Irvine, California, na kwa yeyote mwenye kiti kwenye kile kikao kitakachopanga mwendelezo unaofuata.

Salaam nyingi kutoka Tanga. Naandika kwa Kiswahili kwasababu ndo lugha tunayobishania gemu zenu huku kwetu, na nataka wadau wa huku wasome pia waongezee ya kwao. Wa kuwasomea nyie hamtamkosa, Waswahili wapo mpaka huko California.

Hoja yangu ni klasi, yaani wale wahusika unaochagua mmoja wa kucheza naye, kila mmoja na uwezo wake. Diablo IV ilitoka Juni 2023 ikiwa na klasi tano, Barbarian, Druid, Necromancer, Rogue na Sorcerer, na kati ya hizo tano hakuna hata moja iliyokuwa mpya. Rogue na Sorcerer tuko nao toka Diablo ya kwanza miaka ya 90, Barbarian na Necromancer walikuja na Diablo II mwaka 2000, Druid akaletwa mwaka uliofuata kwenye Lord of Destruction. Sasa mmejenga gemu nzima upya, mmetupa dunia ya wazi ya kuzurura na farasi, mmechora Sanctuary, dunia ya gemu yenu, mpaka ukiangalia yale matope unahisi baridi, Lilith, yule adui mkuu, mmempatia kweli kweli, alafu pale mlangoni, pale mchezaji anapoulizwa wewe unataka kuwa nani, majibu ni yale yale aliyopewa kaka yake mkubwa zaidi ya miaka 20 nyuma. Iliniuma na bado inaniuma, ndo maana nimekaa kuandika.

Naelewa kwanini mlifanya hivyo. Diablo III ya 2012 watu waliilalamikia mno, oh imejaa rangi, oh imekaa kikatuni, tunataka giza letu, tunataka ile hofu ya Diablo II, na nyie mkaamua kurudisha vya zamani ili waliosusa warudi. Giza mlilirudisha na mlifanya kazi nzuri, kwa hilo sina la kusema. Lakini hapo mkaunganisha vitu viwili visivyohusiana. Watu walitaka ile hali irudi, ile ya kushuka ngazi za kaburi taratibu huku moyo unadunda, na hali hiyo haiji kwasababu umeshika Barbarian, inakuja kwasababu ya mwanga mdogo, sauti, muziki, na adui anayeogopesha. Mngeweza kabisa kuweka mhusika ambaye hajawahi kuonekana kwenye gemu yoyote na giza likabaki kuwa giza.

Ngoja niseme klasi mpya kwangu mimi ni nini maana hapa ndo huwa tunapishana sana na wenzangu. Mtu anakwambia mbona fulani mpya, jina lake jipya, silaha yake mpya, anarusha moto wa kijani. Kwangu hiyo haitoshi. Klasi inakuwa mpya pale inapokulazimisha kuangalia kitu kingine kwenye skrini ile ile.

Chukua Necromancer wa Diablo II. Ukiwa na Barbarian unaangalia maadui wako wapi, basi, unawafuata. Ukiwa na Necromancer macho yako yanashuka chini, unatafuta maiti. Maiti moja ni mali, unaweza kuiinua ikawa mifupa ya kukupigania au unaweza kuilipua, na nguvu ya ule mlipuko inatokana na uhai aliokuwa nao huyo marehemu, kwahiyo ukimwangusha mkubwa mmoja katikati ya kundi umepata bomu la kuwamaliza wenzake. Kwahiyo shughuli yote ni kile kifo cha kwanza. Unamlaani, golemu wako, lile jitu la udongo ulilolifufua, anashikilia mlango, wewe umejibanza nyuma roho mkononi, kimya, unasubiri mmoja tu adondoke, akidondoka tu inafuata mlipuko juu ya mlipuko mpaka chumba kinabaki cheupe. Pango ni lile lile aliloingia Barbarian, vile vibwengo vyekundu ni vile vile vinavyokimbia mwenzao akifa, ila wewe unacheza gemu nyingine kabisa.

Na Paladin wa wakati ule pia, lile duara la nguvu linalowaka miguuni pake. Anawasha moja tu kwa wakati, na wenzake waliosimama karibu wanafaidi wote, basi ghafla mtu anaanza kujali mwenzake kasimama wapi, kitu ambacho ukiwa na mishale yako hukuwa unakifikiria hata kidogo.

Na hamkuanza mnajua haya. Diablo ya kwanza ilikuwa na Warrior, Rogue na Sorcerer, na tofauti zao zilikuwa ndogo mno, wote watatu wanaweza kujifunza uchawi ule ule kwenye vitabu, kilichowatenganisha ni namba za kuanzia na kale kaufundi ka kila mmoja, Warrior anatengeneza silaha iliyochakaa, Rogue anategua mitego, Sorcerer anaijaza fimbo nguvu upya. Ule utatu wenyewe mlichota kwenye kisima ambacho karibu kila RPG, gemu ya kukuza mhusika wako, imechota, Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, gemu ya mezani ya mwaka 1974, iliyoanza na mpiganaji, mchawi na kasisi, mwizi akaongezwa mwaka 1975. Final Fantasy ya 1987 ukiiangalia ni familia hiyo hiyo, mpiganaji, mwizi, mchawi mweupe wa kutibu, mchawi mweusi wa kuunguza. Sisemi ni vibaya, kisima kile kimelea watu wengi, na mimi nimo. Ila ni nusu karne sasa.

Na kinachonishangaza ni kwamba nyie mlishatoka hapo, tena mlitoka vizuri. Diablo III pamoja na lawama zake zote ilikuja na klasi tano na aliyerudi kwa jina lake ni Barbarian peke yake. Wizard sawa, huyo ni Sorceress kabadilishiwa jina, tusidanganyane. Lakini Monk? Demon Hunter? Witch Doctor? Wale walikuwa ni kazi ya watu waliokaa wakafikiri.

Huku Ngamiani kuna senta ya gemu, chumba kimoja, feni ya ukutani, PS4 na TV, na Diablo III kwenye PS4 mnaweza kukaa wanne mbele ya TV moja kila mtu na pedi yake. Jioni moja nimekaa pale nyuma nangoja zamu, dogo mmoja kamshika Demon Hunter na mwingine kamshika Witch Doctor. Wa Demon Hunter anarusha mishale kama mwehu, wamezungukwa, mwenzake anamfokea, "we ruka bwana toka hapo!" na yeye anajibu, "sina nidhamu, nidhamu imeisha!" Kwasababu Demon Hunter mlimpa mifuko miwili ya nguvu, ule mpira wa nguvu pale chini ya skrini mkaupasua kati, huku chuki ya kushambulia inayojaa haraka, kule nidhamu ya kukwepa na kujificha inayojaa polepole, na dogo alikuwa ameitapanya yote kwa kurukaruka ovyo mwanzoni. Akafa. Na mwenzake kabla hajafa na yeye akamwita yule mchawi wake mdogo, wale mashetani wakageuka kuku, chumba kizima kikaamka. Yule dogo wa Demon Hunter raundi iliyofuata alikuwa mtu mwingine, anahesabu kila ruko, anaitunza nidhamu yake kama nauli. Hakuna aliyemfundisha, klasi ndo ilimfundisha.

Sasa njooni Diablo IV. Barbarian ana Fury, Druid ana Spirit, Rogue ana Energy, Necromancer ana Essence, Sorcerer ana Mana, majina matano, na ukicheza unakuta karibu wote ni mfuko mmoja wa kujaza na kumwaga, kinachobadilika ni rangi. Mliweka vitu vizuri pembeni, sikatai, Barbarian kubeba silaha nne kwa mpigo ni raha, Necromancer kuamua kuwatoa kafara mifupa wake wote ili yeye mwenyewe awe na nguvu ni wazo zuri sana, ila vile ni viungo, mchele ni ule ule.

Alafu Oktoba 2024 mkaleta klasi ya Spiritborn kwenye Vessel of Hatred, nyongeza ya kulipia ya Diablo IV. Nilifurahi, kwakweli nilifurahi, nikasema sasa wameamka. Mtu wa msitu wa Nahantu, ana walinzi wanne, sokwe wa kulinda, chui wa kasi na moto, tai wa umeme, tandu wa sumu, na anaweza kuwachanganya anavyotaka. Wazo lina damu ndani yake. Lakini alipotoka aliwazidi wenzake kwa mbali mno, watu wakaacha kuongelea anachezwaje wakabaki kuongelea anapiga namba ngapi, na ukiondoa zile namba, mkononi alikuwa anakuja kama Monk aliyeoa kwa kina Druid. Hakuna kitu kipya nilichokuwa naangalia kwenye skrini. Naua, najaza, namwaga, naruka. Mlifika mpaka mlangoni mkaogopa kuingia.

Kwanini naamini mliogopa, kwasababu Spiritborn ametoka ukanda ule ule wa misitu mliomtoa Witch Doctor wa 2012, na Witch Doctor alikuwa na ujasiri ambao huyu hana. Mbwa wafu, vyura, mitungi ya buibui, ukuta wa maiti, barakoa ya kuwatisha maadui wakimbie, kila skili yake ilikuwa inashangaza. Kwa uchezaji nampa heshima zote. Ila kwa upande wa asili yake hapo lazima niseme kama mtu wa Pwani, yule jamaa mlimpika kwa kuchanganya sufuria zote, kidogo Haiti, kidogo Afrika, kidogo mnayoyaona kwenye filamu, mifupa kichwani, mgongo umepinda, na kwa macho ya hapa mlichanganya watu wawili ambao ni maadui. Huku mganga na mchawi hawakai meza moja. Mchawi anaroga usiku, kwa siri, anakana mpaka anakufa. Mganga anajulikana kwake, watu wanakwenda mchana na wagonjwa wao, na kazi yake nusu ni kuhangaika na alichofanya yule mwingine. Nyie mkawatia kwenye ngozi moja mkampa mbwa.

Najua wapo wasomaji wangu watakaosema mambo ya pepo ni shirki tusiyatie kwenye gemu. Nawaheshimu na sibishani nao kwenye dini. Nasema tu gemu yenyewe tangu mwanzo ni ya mashetani na malaika, na mtengenezaji akishaamua kuchukua kwetu basi bora achukue kilicho cha kweli.

Na kilicho cha kweli ni kikali kuliko mlichobuni. Ngoma ya kupunga pepo, mgonjwa amekaa katikati amefunikwa shuka, ubani unafuka, ngoma zinapigwa mpaka usiku mkubwa, na fundi haji pale kupigana na pepo, anakuja kuongea naye. Anamuuliza wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini. Na pepo kupitia mdomo wa mgonjwa anajibu, na anadai. Ruhani huyo anataka udi, marashi, nguo nyeupe, usafi, mwingine anataka vyake vingine kabisa, na huwa hafukuzwi hivi hivi, mnakubaliana. Yule mtu anakuwa kiti chake, pepo ana haki ya kukaa, na mtu anapewa masharti, kitu fulani usile, mahali fulani usipite, siku fulani usifanye. Akiyashika anaishi vizuri na pengine anakuwa fundi na yeye. Akivunja, pepo anapanda.

Hebu jengeni klasi hiyo. Hana mfuko wa mana wala hasira wala chochote cha kujaza. Ana pepo aliowakubali, na kila pepo anampa nguvu na anampa sharti. Huyu anakupa upepo wa kinyamkera wa kufagia kundi zima lakini ukiwa naye hutakiwi kuvuka maji. Huyu anakuponya wewe na wenzako ila usimguse adui kwa chuma mpaka wenzako wameanza. Huyu mwingine anakupa nguvu za ajabu lakini usigeuze mgongo hata hatua moja. Unaweza kuwakalisha watatu ukawa hatari kuliko Barbarian yeyote, ila sasa una masharti matatu kichwani, na ukivunja mojawapo pepo anapanda, kwa sekunde kadhaa mwili siyo wako, unapiga yeyote aliye karibu, rafiki kwa adui. Kwahiyo wenzako wa timu nao inabidi wayajue masharti yako. Watu wanne mbele ya TV moja wataanza kuulizana, "leo una masharti gani?" kabla hawajaingia pangoni. Naomba mnionyeshe RPG nyingine kubwa ambayo hilo ndo swali la kwanza.

Na hapo nimegusa kitu kimoja tu cha Pwani. Pandeni kidogo Usambara. Kule kuna habari ya Mbegha, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, kigego, na kigego ilikuwa ni mkosi, ndugu zake wakamnyima urithi, akaondoka milima ya Nguu na mbwa wake na mikuki, akawa anatembea porini anawinda nguruwe. Kila alipofika aliwapa watu nyama, na wao wakampa vyakula vya shamba, jina lake likatangulia mbele yake, akaua simba, na mwisho wake watu wa Vuga wakamfanya mfalme, ndo ukoo wa Wakilindi ulipoanzia. Mtu hakuwa na jeshi. Alikuwa na mbwa na mkono wa kutoa.

Mnaona klasi iliyolala hapo? Diablo nzima toka siku ya kwanza ni kuokota. Unaua, kinadondoka, unaokota, unaangalia namba, unauza. Hakuna mhusika hata mmoja aliyejengwa kwenye kugawa. Tengenezeni mwindaji ambaye nguvu yake haipandi kwa anachovaa bali kwa alichowagawia watu, kijiji alichokilisha kinamletea wapiga mikuki wawili kwenye vita ya mbele, kijiji alichokipita bila kutoa kitu kinamfungia mlango, mbwa wake wana majina na akifa mmoja haitwi tena kwa kubonyeza kitufe, unarudi kutafuta mwingine na kumlea. Dunia ya wazi mnayo tayari, miji mnayo, watu wa kusimama tu wamejaa. Wapeni kazi. Ni mtu wa vita huyo ila mapigano yake yanaanza masaa mawili kabla, sokoni.

Nahodha wa jahazi sitamwongelea sana, ila fikirieni mhusika ambaye skili zake nusu zinafanya kazi kaskazi na nusu kusi, na upepo wa gemu hauongozi yeye. Mchezaji anajifunza kusubiri. Mtajaza wenyewe.

Sasa majibu yenu nayajua, maana nimesoma na kusikiliza wabunifu wengi wakiongea. Mtasema klasi ngeni ni ngumu kuisawazisha na zingine. Ni kweli, na Spiritborn aliyefanana na waliomtangulia mbona naye mlishindwa kumsawazisha siku ya kwanza? Kama kazi ya kurekebisha ipo tu basi bora ifanyike kwa kitu kinachostahili. Mtasema mchezaji mpya ataogopa, anataka kitu anachokielewa haraka. Muwekeeni Barbarian, nani kakataa, Barbarian anaeleweka hata na bibi, lakini msimfanye mchezaji mpya kisingizio cha kutuwekea watano wanaoeleweka hivyo hivyo. Yule dogo wa Ngamiani alikuwa hajui hata kusoma maelezo ya Kiingereza ya skili zake na bado aliielewa nidhamu kwa kufa mara moja. Na mtasema watu wa zamani ndo wanaonunua. Mimi ni mtu wa zamani. Diablo II Resurrected ipo toka 2021, nikitaka Necromancer wangu wa 2000 namkuta pale mzima na mifupa yake. Siyo lazima kila mwendelezo uwe nyumba ya makumbusho ya ule uliopita.

Kingine, msije mkasoma hii barua mkaenda kuchora mtu mweusi na hirizi shingoni mkasema tumesikia. Hapo mtakuwa mmechukua nguo mkaacha mtu. Kitu ninachowaonyesha ni mfumo, masharti, kugawa, kusubiri upepo, na mfumo huo hata mkiuvalisha mtu wa barafu wa kaskazini ya Sanctuary bado utakuwa mpya. Lakini kama mtaamua kuja kwetu kabisa, basi njooni kwa miguu. Wako watu wa kuwauliza, kuna mafundi wa ngoma, kuna wazee wa Vuga, kuna walimu wa vyuo vyetu waliosomea haya mambo, na waandikwe majina kwenye orodha ya waliotengeneza gemu na walipwe kama mnavyomlipa mchoraji. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na studio yake ya Surgent walitoa Tales of Kenzera: Zau, gemu iliyojengwa juu ya hadithi za Kibantu, na kabla yao mwaka 2016 Kiro'o Games ya Cameroon walitoa RPG yao Aurion. Studio ndogo zile, bajeti ndogo, zimethubutu. Nyie mna watu mia kidogo?

Na mkija nitawapeleka Amboni, ni kama kilomita nane kutoka mjini, barabara ya kwenda Horohoro. Mapango ya chokaa, unainama, unapenya, popo juu, kiongozi na tochi mbele, na kuna sehemu mle ndani ni mzimuni, watu wanaacha sadaka zao pale mpaka leo na kiongozi akifika anashusha sauti. Mna wachoraji wazuri sana wa mapango, mwaleteni mmoja akae pale mchana mzima.

Ombi langu kwenye mwendelezo ujao, uitwe Diablo V au muuite mnavyotaka, ni hili. Kati ya klasi mtakazoanza nazo siku ya kwanza, siyo kwenye nyongeza ya kulipia baada ya mwaka, wekeni angalau mbili ambazo hazijawahi kuwepo kwenye Diablo yoyote na ambazo hazijazi na kumwaga mfuko. Kabla hamjaiwekea klasi jina wala nguo, mpeni mtu asiyeijua aicheze ikiwa ni kibonge cha udongo kisicho na sura, saa moja tu, alafu muulizeni alikuwa anaangalia wapi kwenye skrini. Akisema alikuwa anaangalia pale pale anapoangalia akiwa na Sorcerer, irudisheni mezani.

Ni mimi mchezaji wenu,
Ngamiani, Tanga